Poso, Ubaba na Uwenyeji: Itikadi na Utamaduni wa Siasa katika Mji wa Likasi

Utangulizi

Neno itikadi, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo zamani lilitumika zaidi kwa mambo ya imani ya dini, limezoeleka katika maandishi ya siasa ya Kiswahili tangu miaka ya 1960. Kwa kawaida hutumika kutaja mifumo ya mawazo: uliberali, ujamaa, ukomunisti, utaifa, umajimbo. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa hufundishwa kuitambua mifumo hiyo kwa waasisi wake na vitabu vyake, kisha huulizwa ni upi uliotawala katika nchi fulani. Lengo la makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa juu ya mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, halitufikishi mbali. Mji huu umepitiwa na itikadi nyingi: ubaba wa kampuni ya kikoloni, utaifa wa Patrice Lumumba, utengano wa Moïse Tshombe, siasa ya Uhalisi ya Mobutu, na mfumo wa vyama vingi wa miaka ya 1990. Kila moja ilikuja na jina lake na nyimbo zake. Lakini watu wa Likasi walizipima zote kwa maswali mawili yaliyokuwa yao: ni nani anayelisha, na ni nani mwenye nchi.

Hoja tunayoitetea ni kwamba maswali haya mawili hayakutoka katika damu, wala katika mila za kale za makabila ya Katanga. Yalizaliwa na taasisi ambazo tarehe zake zinajulikana: kambi ya wafanyakazi, sheria ya vyama, uchaguzi wa 1957, na baadaye chama kilichofanywa dola. Jambo hili si la nadharia tupu. Mnamo 1992 maelfu ya wakazi wa Likasi walifukuzwa majumbani mwao na majirani zao, na hadi leo wapo wanaolieleza tukio hilo kama mlipuko wa chuki ya asili. Kama utamaduni wa siasa ni urithi wa damu, hakuna wa kuulizwa juu yake. Kama ulitengenezwa, wapo.

Dhana yenyewe ya utamaduni wa siasa ilienea vyuoni kutokana na kazi ya Gabriel Almond na Sidney Verba ya 1963, iliyochunguza Marekani, Uingereza, Ujerumani ya Magharibi, Italia na Meksiko. Waandishi hao waliwagawa watu katika makundi matatu: wale ambao serikali kuu iko mbali na mawazo yao, wale wanaoijua kama watiifu tu, na wale wanaoijua na kushiriki ndani yake. Mgawanyo huo hautufai sana hapa. Mfanyakazi wa mitambo ya Shituru mwaka 1950 aliijua vizuri sana mamlaka iliyomtawala. Ilimpa nyumba, ilimtibu mkewe, ilimsomesha mwanawe, na ilimpimia unga. Ila mamlaka hiyo haikuwa serikali, ilikuwa kampuni.

Kambi na poso

Shaba ya Katanga ilichimbwa na kuyeyushwa na wenyeji karne nyingi kabla ya ukoloni, na misalaba ya shaba ilitumika kama fedha katika biashara ya masafa marefu. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière du Haut-Katanga, na mji uliokua kuzunguka mgodi wa Likasi na mitambo ya Panda na Shituru ukapewa jina la Jadotville. Jean Jadot alikuwa mhandisi aliyepanda hadi kuwa gavana wa Société Générale de Belgique, shirika la fedha lililokuwa nyuma ya Union Minière. Miji mingine mikubwa ya koloni ile iliitwa kwa majina ya mfalme, malkia au mpelelezi: Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville. Huu uliitwa kwa jina la mkuu wa kampuni. Karibu nao, huko Shinkolobwe, ndiko ilikochimbwa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengenezea mabomu ya atomiki ya 1945.

Watu wa kazi hawakutosha katika eneo lenyewe. Kampuni iliajiri kwanza kutoka Rodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kisha Lomami na Kasai, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 pia kutoka Ruanda-Urundi. Reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika 1928, ilirahisisha mno safari ya watu wa Kasai kuja kusini. Wakati huohuo kampuni ilibadili siasa yake ya kazi. Badala ya vijana wasio na wake waliokaa miezi michache na kurudi kwao, iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao kwa miaka mingi. Kambi zikajengwa kwa mistari iliyonyooka; zahanati zikafunguliwa; shule zikakabidhiwa mapadri Wabenediktini.

Na kulikuwa na poso. Neno hili ni posho la Kiswahili cha pwani, lililosafiri na misafara hadi bara na kupata matamshi mapya. Katika Kilingala limepata maana ya wiki, kwa kuwa chakula kiligawiwa kila baada ya siku saba. Kalenda yenyewe, kwa namna ya kusema, ilihesabiwa kwa tumbo. Katika kambi za Jadotville poso ilikuwa unga wa mahindi, maharagwe, samaki, mafuta ya mawese na chumvi, vilivyopimwa kwa kila kaya kulingana na idadi ya watu waliomo. Mwenye watoto wengi alipata zaidi. Yafaa tulizingatie jambo hili: kiasi cha chakula hakikufuata ustadi wa kazi peke yake, bali pia ukubwa wa familia, na hivyo kampuni ilijiweka mahali pa mzee wa ukoo agawaye nyama.

Itikadi iliyofanya kazi hapa ni ile ambayo Wabelgiji wenyewe waliisifu, yaani ubaba. Kiini chake ni kwamba mtawala ni mzazi na mtawaliwa ni mtoto; mzazi ana wajibu wa kulisha, kuvisha na kuonya, na mtoto ana wajibu wa kutii mpaka atakapokua, ingawa siku ya kukua haitajwi. Mara nyingi ubaba huelezwa kama upole wa ukoloni wa Kibelgiji, au kama unafiki wake. Kwetu sisi ulikuwa zaidi ya yote mawili. Ulikuwa elimu ya siasa iliyotolewa kila wiki kwa miaka karibu thelathini. Uliwafundisha watu kwamba madai halali ni madai ya mtoto kwa mzazi wake: “tunastahili kulishwa.” Haukuwafundisha dai lingine, la mshiriki kwa mshiriki mwenziwe: “tuonyeshe hesabu.”

Hata hivyo, dai hilo la pili lilijitokeza mapema. Desemba 1941, wakati bei za vitu zilipokuwa zimepanda na kampuni ikiongeza uzalishaji kwa ajili ya vita, wafanyakazi Waafrika wa Jadotville na Élisabethville waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Si poso waliyodai, ni mshahara, na tofauti hiyo ina maana kubwa. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi, msemaji wao. Baada ya hapo utawala ulifanya kile ambacho baba aliyeshtuka hufanya: uliongeza matunzo na ukapunguza nafasi ya kusema. Mwaka 1946 yaliundwa mabaraza ya wafanyakazi wenyeji ndani ya kampuni, na vyama vya wafanyakazi Waafrika vikaruhusiwa chini ya masharti makali. Mabaraza hayo yaliweza kujadili ubora wa unga. Hayakuweza kujadili faida ya kampuni.

Katika kambi hizo kizazi kipya kilizaliwa. Kilikuwa na wazazi wa Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kilunda, Kirundi au Kitetela, na kilizungumza Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati ya wazazi hao. Johannes Fabian, aliyeandika mengi juu ya Kiswahili cha Katanga, ameonyesha jinsi neno kazi lenyewe lilivyobeba humo maana zinazovuka ajira ya mshahara. Kama kungekuwa na mahali pa kuzaliwa utaifa usiojali kabila, mtu angetarajia pawe hapo.

Wenyeji na wageni

Kwa nini basi haikuwa hivyo? Jibu la kwanza liko katika sheria. Hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950 vyama vya siasa havikuruhusiwa katika Kongo ya Kibelgiji. Kilichoruhusiwa ni vyama vya kusaidiana vya watu wa asili moja: kuzika wafu, kupokea wageni kutoka nyumbani, kuchanga fedha za ndugu aliyefungwa. Mtu wa Jadotville aliyetaka kujifunza kuendesha kikao, kuweka hesabu na kuhutubia, alijifunza hayo ndani ya chama cha kabila lake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kujifunzia. Ukabila wa mjini, kwa hiyo, haukuwa mabaki ya kijiji. Ulikuwa mlango pekee ulioachwa wazi.

Desemba 1957 Wabelgiji walifanya uchaguzi wa kwanza wa manispaa katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Matokeo ya Katanga yaliwashtua wengi. Katika Élisabethville mameya wote wa mitaa ya Waafrika walitoka nje ya jimbo, watatu Kasai na mmoja Kivu. Katika Jadotville alichaguliwa, miongoni mwa wengine, Victor Lundula, Mtetela aliyewahi kuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, ambaye Julai 1960 Lumumba alimfanya jenerali na mkuu wa jeshi la taifa. Watu wa Kasai walikuwa wengi mjini, walitangulia kwa elimu ya shule za misheni, na walishika nafasi nyingi za makarani. Uchaguzi wenyewe ulifanyika wakati bei ya shaba ilikuwa imeanguka na kazi zimepungua. Hapo ndipo swali la poso na swali la mwenye nchi yalipokutana kwa mara ya kwanza: kama chakula cha baba hakitoshi, nani ni mtoto wa nyumbani na nani ni mgeni?

Oktoba 1958 ilianzishwa CONAKAT. Jina lake kamili ni Shirikisho la Vyama vya Makabila vya Katanga, na msomaji aliyefuata maelezo yaliyotangulia hatastaajabu: vile vyama vya kuzikana vilikuwa vimeungana kuwa chama cha siasa. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, kisha Moïse Tshombe. Dai lake kuu lilikuwa kwamba Katanga iendeshwe na Wakatanga halisi. Mwaka 1959 walowezi wa Kizungu nao wakajiunga, maana walitaka jimbo lijitenge na Léopoldville kwa sababu zao wenyewe. Wafuasi wa Jason Sendwe, Waluba wa kaskazini mwa Katanga, walijitoa Novemba mwaka huo na kuimarisha chama chao cha BALUBAKAT, wakashirikiana na umoja wa watu wa Kasai.

Neno “halisi” katika dai la CONAKAT linastahili kusimamiwa kidogo, hasa na msomaji wa Afrika ya Mashariki. Munongo alikuwa wa ukoo wa Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeuawa Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs. Msiri hakuzaliwa Katanga. Alikuwa Mnyamwezi aliyetoka katika Tanzania ya leo pamoja na wafanyabiashara wa shaba na pembe, akajenga mji wake Bunkeya katikati ya karne ya 19, miongoni mwa watu waliokuwako kabla yake. Watu wake, Wayeke, walikuwa wamekaa Katanga kwa takriban miaka mia moja CONAKAT ilipoanzishwa. Watoto wa wafanyakazi wa Kasai walikuwa wamezaliwa hapo wakati reli ya 1928 ilikuwa bado mpya. Simtaji Munongo ili kumkejeli, kwani ukoo wake ulikuwa umekwisha kuwa wa Katanga kwa kila kipimo. Namtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba uwenyeji ni hukumu ya kisiasa: miaka mia inatosha au haitoshi, thelathini inatosha au haitoshi, kulingana na anayehesabu na wakati anaohesabu.

Ingekuwa kosa kuudharau umajimbo wa Katanga kwa sababu ya waliousukuma. Hoja kwamba jimbo linalozalisha mali lisiachwe mikono mitupu ni hoja ya kawaida ya siasa, na Wakenya waliijadili kwa namna yao katika mvutano wa KANU na KADU juu ya majimbo. Tofauti ni kwamba hoja ya Katanga ilibebwa na kampuni na kulindwa na askari wa kigeni kabla haijawahi kujadiliwa na raia. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na muungano wa BALUBAKAT 23. Kwa tofauti hiyo ndogo, na kwa msaada wa Ubelgiji, Tshombe alitangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga ni dola huru. Kodi za Union Minière zikaingia katika hazina yake.

Ulimwengu wa nje unaikumbuka Jadotville kwa siku chache tu za wakati huo, kuanzia 13 hadi 17 Septemba 1961, ambapo kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, kiasi cha watu 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilizingirwa na jeshi la Katanga hadi kikaishiwa maji na risasi. Kuna filamu ya 2016 juu ya mkasa huo, na ndani yake wakazi wa mji karibu hawasikiki. Kwa wakazi hao jambo zito zaidi lilikuwa jingine. Mwaka huohuo makumi ya maelfu ya Waluba na watu wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Élisabethville, na mwaka 1962 wengi walisafirishwa kupelekwa katika majimbo ambayo baadhi yao hawakuwahi kuyaona. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963, na katikati ya mwezi huo Tshombe alikubali kwamba utengano umekwisha. Utengano ulikwisha, lakini orodha ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni ilikuwa imeandikwa.

Baba mpya

Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi. Siku ya kwanza ya 1967 mali ya Union Minière nchini ikawa ya kampuni ya dola, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na tarehe 20 Mei 1967 ikatolewa Ilani ya N'Sele ya chama kipya, MPR. Mwaka huohuo, Februari, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Ulinganisho huu huvutia, nao una mipaka. Azimio la Arusha, hata kama utekelezaji wake ulikuja kukosolewa vikali, liliweka miiko kwa viongozi na hivyo likampa mwananchi kipimo cha kuwahukumia. Ilani ya N'Sele ilijitangaza kuwa si ya kushoto wala ya kulia. Ilikuwa ya utaifa, na kipimo chake kikawa, kadiri miaka ilivyopita, mtu mmoja. Mwaka 1974 fikra za mtu huyo ziliitwa Umobutu na kufanywa mafundisho rasmi ya dola.

Kwa mkazi wa Likasi, hata hivyo, mabadiliko yalikuwa madogo kuliko yalivyoonekana kwenye gazeti. Kampuni iliendelea kutoa nyumba, shule, hospitali na chakula. Ilibadili jina tu. Mobutu aliitwa baba wa taifa, na kwa watu waliolelewa na Union Minière lugha hiyo haikuhitaji kufasiriwa. Michael Schatzberg ameandika kwa kirefu juu ya taswira za baba, familia na chakula katika siasa za Afrika ya kati, na sidhani kama kuna mji unaozithibitisha kuliko miji ya migodi ya Katanga. Kilichokuwa kigeni ni lugha ya sauti. Nyimbo na ngoma za kuusifu uongozi ziliimbwa zaidi kwa Kilingala, lugha ya jeshi na ya Kinshasa, katika mji ambao kampuni ilikuwa imeuamuru kwa Kiswahili. Katanga yenyewe iliitwa Shaba kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi ya lazima ya salongo ilifuata. Mnamo 30 Novemba 1973 maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa raia wenye nafasi katika chama, na rafu nyingi zikabaki tupu muda mfupi baadaye.

MPR ilisema kwamba kila Mzaire ni mwanachama wake tangu kuzaliwa, na kwamba kabila halina nafasi katika siasa. Lakini hapohapo dola iliendelea kumwandika kila raia kwa asili ya baba yake: kijiji, wilaya na jimbo. Mtu aliyezaliwa Likasi, na baba yake akazaliwa Likasi, aliandikwa kuwa ni wa Kasai kama babu yake alitoka Kasai. Nafasi za vyuo vikuu ziligawanywa kwa mafungu ya majimbo kwa kufuata maandishi hayohayo. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Itikadi ya umoja ilipiga marufuku mjadala juu ya asili, wakati karatasi za umoja huohuo zilihifadhi asili kwa uangalifu mkubwa. Baada ya vita vya Shaba vya 1977 na 1978, vilivyoletwa kutoka Angola na waliokuwa askari wa Tshombe na wafuasi wao, mtu wa kusini mwa Shaba aliyelalamika juu ya mgawanyo wa mali aliweza kuhesabiwa kuwa mwasi. Malalamiko yakakaa kimya, nayo hayakupungua.

Mwaka 1992

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mitambo haikuwa ikitengenezwa ipasavyo, kwani fedha zilikwenda Kinshasa. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Septemba na Oktoba 1991 askari waliokosa mishahara walipora Kinshasa na kisha miji ya Shaba, na wataalamu wa kigeni wakaondoka. Kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Takwimu hizi zasomeka kwa urahisi katika vitabu vya uchumi. Kambini Panda na Shituru zilisomeka kwa namna nyingine: mgao wa chakula ulichelewa, ukapungua, kisha ukakosekana.

Ni katika miezi hiyohiyo uliporudi mfumo wa vyama vingi. Mobutu aliutangaza tarehe 24 Aprili 1990, na Mkutano Mkuu wa Kitaifa ukafunguliwa Agosti 1991. Mwanzoni chama cha UFERI cha Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Shaba, kilikuwa upande mmoja na UDPS ya Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, dhidi ya Mobutu. Novemba 1991 Nguz alikubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama hichohicho akafanywa gavana wa Shaba. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano ulimchagua Tshisekedi kuchukua mahali pa Nguz. Katika mikutano ya hadhara huko Shaba watu wa Kasai walikuwa wamekwisha kuitwa bilulu, yaani wadudu. Septemba, vurugu zilipamba moto Likasi. Nyumba zilivamiwa na kuchomwa, watu waliuawa, na makumi ya maelfu ya wenye asili ya Kasai walikimbilia kituo cha reli na majengo ya shule, wakakaa hapo kwa miezi mingi wakisubiri treni. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa wakisubiri. Mapema 1993 yakafuata ya Kolwezi. Kwa jumla waliolazimika kuondoka Shaba miaka ile walikuwa mamia ya maelfu.

Waliotaka kulieleza jambo hili kwa mkono wa Mobutu pekee wana ushahidi wa kutosha kwamba utawala wake ulinufaika na mgawanyiko wa wapinzani, na kwamba vyombo vya dola havikuwalinda waathirika. Lakini mkono wa juu hautuelezi kwa nini kijana wa Likasi, aliyesoma darasa moja na jirani yake na kuzungumza naye Kiswahili kilekile, alikubali kwamba jirani huyo ni mgeni. Alikubali kwa sababu swali la mgeni lilikuwa limewekwa mbele yake kila alipojaza fomu. Alikubali pia kwa sababu nyumba ya kambi na kazi ya baba, vilivyoachwa na aliyefukuzwa, vilikuwa vitu pekee vilivyobaki vya kugawana. Wengi hawakukubali. Familia za ndoa za mchanganyiko zilificha watu, na wapo waliowasindikiza jirani zao hadi kituoni na kuwatunzia funguo. Historia yao haijaandikwa kwa ukamilifu unaostahili, nayo ni sehemu ya utamaduni wa siasa wa Likasi sawa na ile ya waliochoma.

Baada ya baba

Mobutu aliondolewa Mei 1997 na Laurent-Désiré Kabila, aliyeanza siasa katika vijana wa BALUBAKAT, na jimbo likarudishiwa jina la Katanga. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikipa kitabu chake cha 2001 kichwa cha Kifaransa kinachowataja watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye kuachwa huko kulipata hati. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya mkupuo mwaka 2003 na 2004 ili waondoke “kwa hiari”. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miaka kadhaa. Pamoja na kazi ziliondoka hospitali na shule za kampuni kwa waliopoteza ajira. Itikadi ya wakati huo, ya soko huria, ilimwona mtu huyu kama mjasiriamali mwenye mtaji mdogo. Yeye alijiona kama mrithi aliyedhulumiwa.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa katika majimbo manne, na Likasi ikawa ndani ya Haut-Katanga. Mgawanyo huo ulifanywa kwa jina la kuleta serikali karibu na watu. Palepale ulizalisha wageni wapya: mtu wa Tanganyika au Haut-Lomami, aliyekuwa Mkatanga halisi katika kipimo cha 1992, sasa ni mtu wa jimbo jingine. Na tangu Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alipokuwa rais Januari 2019, wahamiaji wanaotoka Kasai kuja miji ya migodi wamekuwa tena mada ya hotuba za wanasiasa wa pande zote mbili.

Wakati huohuo, nje ya kambi za zamani, kimekua kizazi cha wachimbaji wadogo ambao huko huitwa kwa neno la Kifaransa, creuseurs. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 (siku ileile ya utengano, miaka 42 baadaye, bila shaka kwa bahati tu) iliwatambua na kuwatengea maeneo ya kuchimba. Hawana poso, wala nyumba ya kampuni. Ugomvi wao ni na mnunuzi juu ya mizani na kiwango cha madini, na wanapogoma hudai mzani upimwe upya mbele yao.